Mtani Aliyekabidhiwa Shoka

Nilikwenda gerejini kwa baba, katika mji wa Crystal, kuchukua viti vya kukunja vya matanga, nikarudi na shoka. Lilikuwa nyuma ya matairi ya majira ya baridi, limefungwa ndani ya pazia la mahameli nyekundu, na nilipolikunjua pazia hilo ilinipanda puani harufu ya gundi ya unga pamoja na ya vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini kufukuza wadudu. Bapa lake ni boksi la friji lililokunjwa mara tatu na kuvishwa karatasi ya foili; mpini wake ulikuwa wa koleo la theluji. Ningependa kuandika kwamba nililia, kwa kuwa mtu aliyelitengeneza shoka hilo, na ndiye pekee aliyewahi kulitumia, alikuwa mochwari akingoja kuzikwa Jumamosi. Lakini usahihi ni usahihi. Nilikasirika. Nilikasirika kama nilivyokasirika nikiwa na miaka minane, na kwa sababu ile ile: watu wazima walinificha jambo ambalo kwao halikuwa siri hata kidogo.

Baba yangu alikuja Minnesota kusoma historia, na katika historia yote ya dunia akachagua kuipenda ile ya ukoo wa Tudor, wafalme wa Uingereza waliokata watu vichwa kwa utaratibu na kwa kumbukumbu nzuri za maandishi. Shahada ilipokwisha, kazi ilipatikana katika ofisi ya bima huko Eagan, na wafalme wakabaki naye nyumbani jioni. Hatimaye akaandika tamthilia, kwa Kiswahili, juu ya yule binti wa miaka kumi na sita ambaye wakubwa wake walimketisha katika kiti cha enzi, akatawala siku tisa, kisha akakatwa kichwa kwa kosa la kuwatii. Alitaka iigizwe na jumuiya yetu ya Watanzania, Wakristo kwa Waislamu, katika ukumbi uliokuwa chini ya kanisa moja karibu na kwetu. Hakutaka sifa. Alitaka jambo moja, nalo lilikuwa limepigwa chapa katika mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho: *Shoka linashuka. Kimya. Hesabu hadi kumi. Pazia.*

"Watu wetu hawajui kunyamaza," alimwambia mama jioni moja, nami nikiwa chini ya meza na vitabu vyangu vya kupaka rangi. "Kanisani wanaongea. Msibani wanaongea. Ukiwapeleka sinema wanazungumza na skrini. Nataka mara moja tu katika maisha yangu Watanzania mia moja wanyamaze pamoja kwa ajili ya mtoto wa watu aliyeonewa. Kumi tu. Siombi dakika."

"Kumi ni nyingi," alisema mama.

Nilipokuwa mtoto nilidhani baba alishindwa kwa sababu ya uzembe wa wengine. Sasa umri wangu unauzidi wake wa wakati ule, na ninafundisha lugha ambazo wenyewe walikufa zamani na kwa hiyo hawachelewi darasani, na bado, nikiyakumbuka mazoezi yale, nakasirika upya. Tulipangiwa saa tisa alasiri kila Jumamosi. Saa tisa ukumbini tulikuwa baba, mimi, na viti. Saa kumi aliingia Mama Shose, katibu wa kikundi, na daftari lake la jalada gumu. Saa kumi na moja walikuwepo wa kutosha, lakini hapo tena haikuwezekana kuanza, kwa kuwa kwanza kilifunguliwa kikao, kikaombewa dua na sala, zikasomwa kumbukumbu za kikao kilichopita, yakajadiliwa yatokanayo. Katika kikao cha pili mjumbe mmoja alipendekeza kwamba malkia asamehewe, kwa kuwa wageni watakuja na watoto. Hoja iliungwa mkono. Baba alieleza, kwa sauti ya mtu anayeshika chungu cha moto, kwamba binti huyo alikwisha kufa karne nyingi zilizopita, na kwamba kikao hakina mamlaka juu ya suala hilo. Mama Shose aliandika: *Mwalimu aliahidi kulitafakari.*

Malkia alikuwa mama. Alikuwa na miaka thelathini na minne na kicheko cha kusikika hadi maegesho ya magari, lakini ndiye peke yake aliyekariri maneno yote. Tatizo lilikuwa mkata vichwa. Hakuna mwanamume aliyeitaka sehemu hiyo. Mmoja alisema wakwe zake wangekuwepo. Mwingine alisema ndugu wangeona picha huko nyumbani na kuuliza maswali. Ndipo Anko Kikoti alipoinua mkono kutoka safu ya nyuma. Alikuwa mtu wa Iringa, mrefu, aliyekuja kusomea misitu na kuishia kupanga majokofu katika ghala moja la Eagan, mahali, alivyopenda kusema, palipokuwa na miti mingi sana ila yote ilikuwa imeshageuzwa maboksi.

"Nipeni mimi," alisema. "Kumchinja Mngoni hakuhitaji mazoezi. Sisi ni kazi ya urithi."

"Akiniua huyu mla mbwa," alijibu mama bila kugeuka, "nizikeni mbali na jiko lake."

Ukumbi ulicheka hadi Mama Shose akaweka kalamu chini. Baba aliliandika jina la Kikoti, akafurahi kwamba nafasi imejazwa, akafunga faili. Msomaji ameshaliona kosa. Mama alikuwa Mngoni wa Songea na Kikoti alikuwa Mhehe, na mababu zao walipigana vita vikali kiasi kwamba wajukuu waliachiwa haki ya kutukanana hadi kaburini, bila kununa na bila kulipizana. Baba hakuliona. Alilelewa katika mabweni ya mapadri tangu akiwa na miaka saba. Watani alikuwa nao kwa kuzaliwa, kama kila mtu, lakini aliwajua kwa kusoma tu.

Mimi je? Mimi sikuwa na hata vitabu hivyo. Kiswahili nilikisikia nikakijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa kwetu, na hakuna aliyekaa chini kunieleza utani ni nini, kama ambavyo hakuna anayemweleza mtoto kwamba maji hulowesha. Nililisikia neno *mtani* likitamkwa katikati ya matusi na nikalipa maana pekee iliyoafikiana na ushahidi: adui wa kurithi.

Ushahidi ulizidi kurundikana. Baba alikuwa amesoma kwamba zamani zile mkata vichwa, kabla ya kuinua shoka, alimpigia magoti mhukumiwa na kumwomba msamaha, na mhukumiwa alimsamehe mbele ya watu. Aliuona utaratibu huo kuwa mzuri kupita kiasi, akautia katika onyesho la mwisho. Mama alipiga magoti mbele ya gogo, amefungwa kitambaa cheupe machoni, mikono yake ikipapasa hewani, na Kikoti akapiga goti kando yake.

"Malkia," alisema Kikoti. "Uni…" Akakohoa. "Uni…" Akamgeukia baba. "Mwalimu, neno hili halipiti."

"Ni neno moja tu, Kikoti. Unisamehe."

"Kwako linapita. Kwa huyu mla panya koo linaziba."

"Limezibwa na mfupa wa mbwa," alisema mama chini ya kitambaa. "Mpigeni mgongoni."

"Hapa ni London!" baba alipaza sauti. "Ni London! Hakuna Mhehe wala Mngoni!"

"Niandike hivyo, Mwalimu?" aliuliza Mama Shose.

Kikoti alisimama, akakung'uta goti, akasema kwa upole ambao niliuchukua kuwa ukatili wa aina ya juu zaidi: "Mwalimu, mtani haombwi msamaha. Nikimwomba, maana yake niliweza kumkosea. Na nikiweza kumkosea, basi si mtani wangu tena. Sasa unataka nikatae undugu kwa ajili ya Waingereza?"

Baba aliikung'uta miswada yake juu ya goti ili kingo zilingane. Alifanya hivyo kila mara alipotaka kupiga kelele. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni juu ya rundo la mazulia, na katika maelezo yale yote nilichukua jambo moja: mtu huyu atamkata mama kichwa, na hataki kuomba msamaha.

Naomba nisichekwe mapema. Nilijua maigizo ni nini. Shuleni nilikwisha kuwa karoti. Nilijua pia kwamba shoka la boksi haliui, na siku Anko Kikoti alipolileta, linang'aa, nililishika na kulikunja ncha. Lakini aliniinamia, akaninong'oneza: "Hili ni la mazoezi, Mngoni mdogo. La kweli liko kwenye buti ya gari langu. Usimwambie mtu." Ndiyo ilivyokuwa. Mtu mzima mwenye shahada ya misitu alimwambia mtoto wa miaka minane maneno hayo, akaenda zake kunywa chai. Siku ile ile nilimsikia akimwahidi mama kwamba atamzika yeye mwenyewe na kucheza juu ya kaburi lake kwa viatu vya theluji, naye mama akamjibu, "Utanitangulia wewe."

Nilifanya ninachofanya hadi leo kila ninapokuwa na shaka: niliuliza. Nilimuuliza mama, kwa Kiingereza, kama Anko Kikoti anamchukia.

"Ananichukia sana," alisema mama, akinipakulia wali. "Na mimi namchukia. Kula."

Nilimwendea baba. Alikuwa anapima kwa saa urefu wa kimya, akihesabu kwa midomo. Nilimuuliza kama mtu akikataa kuomba msamaha ni kwa sababu anakusudia kufanya kosa lenyewe. Alinyanyua macho kwa furaha ya kweli. "Swali zuri sana," alisema. "Wanatheolojia wamelijadili." Akarudi kwenye saa.

Basi kwa majuma matano nililala na hesabu yangu mwenyewe. Baba alingoja kumi zake. Mimi nilingoja neno moja. Nilijiwekea kanuni, kama watoto wanavyojiwekea: akiomba msamaha, mama ataishi. Na kila Jumamosi neno lilikwama. Mara lilizaa kikohozi, mara wimbo, mara Kikoti alimpigia magoti Bwana Rashidi badala ya mama. Bwana Rashidi alikuwa Mwislamu wa Tanga aliyepewa sehemu ya askofu kwa kuwa hakuna Mkristo aliyekuwa tayari kuzikariri sala za kurasa tatu. "Mimi nishakusamehe, kijana," alisema, "ila rudi kwa malkia wako." Kimya kirefu kabisa walichowahi kukifikia katika mazoezi, baba alikiandika katika pambizo la mswada: tatu.

Usiku wa onyesho theluji ya mwisho ilikuwa imegeuka matope meusi kando ya barabara, na ukumbi ulinuka makoti mabichi na sambusa. Tulichelewa kuanza kwa saa moja na dakika arobaini. Niliketi mstari wa mbele, karibu na baba, ambaye alikuwa na mswada magotini ingawa aliujua wote. Nilikuwa nimetoka nje mara mbili kulitazama gari la Anko Kikoti, la kijani, lenye kutu, buti yake imefungwa. Sikuwa na mpango. Ningependa kuwa na mpango wa kueleza hapa, lakini sikuwa nao.

Watu waliongea katika onyesho la kwanza. Waliongea katika la pili. Mwanamke mmoja nyuma yangu alimshauri malkia kwa sauti asilikubali taji, na, kwa haki, alikuwa sahihi. Baba hakugeuka. Alizikung'uta kurasa, akazilinganisha kingo.

Kisha mama akatoka na gauni lake jeupe, akafungwa kitambaa. Mikono yake ilianza kulitafuta gogo hewani, na sauti za ukumbini zikapungua, zikapungua tena, kama redio inayozungushwa kitufe. Kikoti alitoka amevaa nguo nyeusi na kofia ya kufunika uso. Akapiga goti. Niliona midomo ya watu ikianza kujikunja tayari kwa kicheko, kwa sababu jumuiya nzima ilikwishapata habari. Mama mwenyewe, chini ya kitambaa, alikuwa amejibana midomo.

"Malkia," alisema Kikoti. Akavua kofia. Hilo halikuwa katika mswada. "Malkia wangu, unisamehe."

Alilisema taratibu, lote, bila kikohozi, kama mtu anayelipa deni kubwa kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheka. Mama alikaa kidogo, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza katika majuma matano akasahau neno lake. "Nimekusamehe," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani.

Aliishi. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu, na ilikuwa imetimia: neno limetoka, mama ataishi, buti imefungwa, na shoka ni boksi. Shoka lilishuka. Mama akaangusha kichwa upande wa pili wa gogo, na ukumbi wa Watanzania mia moja ukanyamaza.

Moja. Niliona kidole cha baba kikigonga ukurasa. Mbili. Tatu. Na hapo nikayaona mabega ya marehemu. Yalikuwa yanatikisika. Malkia wa Uingereza, aliyekatwa kichwa mbele ya macho yangu, alikuwa anacheka, anakizuia kicheko, anashindwa, na mimi, niliyekesha majuma matano nikimlilia, nikapasuka kicheko kikubwa kuliko nafsi yangu yote. Ni kicheko cha mama. Nimekirithi, na kinafika hadi maegesho.

"Mngoni huyo!" mtu alipiga ukelele kutoka nyuma. "Mhehe ameomba msamaha, Mngoni anacheka!" Ukumbi ukalipuka. Vigelegele, miguu, viti. Mama Shose alikuwa anafuta machozi kwa daftari. Pazia lilifungwa, kwa kuwa hapakuwa na jambo lingine la kufanya.

Gari letu lilisimama kwenye taa za kwanza.

"Nne," alisema baba.

"Baba Neema, watu wamefurahi," alisema mama. "Wameshikana mikono wakitoka."

"Walitakiwa wanyamaze." Aliwasha kiashiria, akakizima. "Ilikuwa nne. Ilikuwa inakwenda."

Hakunigombeza. Natamani angenigombeza, ningepata wa kumkasirikia. Miswada ilirudi kwenye faili, shoka likafungwa ndani ya pazia, na hakuandika tamthilia nyingine. Siku ya pili yake Anko Kikoti alikuja kurudisha kofia, nami, nikiwa na ujasiri wa mtu aliyenusurika, nikamuuliza kwa Kiingereza kwa nini aliomba msamaha wakati alisema hawezi. Alinijibu kwa Kiswahili, kama kawaida yake.

"Kwa sababu mama yako alikuwa na hakika sitaweza. Nimefanya mazoezi ghalani mwezi mzima, nikiyapigia magoti mafriji. Huo ndio utani, Mngoni mdogo. Mengine yote ni kelele."

Ni hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na kuelewa kwenyewe kulinikera, na bado kunanikera. Sentensi moja ingenitosha. Watu kumi na wanane wazima, wenye shahada, dua, sala na daftari la kumbukumbu, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia sentensi moja.

Mama sasa anaishi Songea, na magoti yake hayamruhusu tena kupanda ndege. Alipiga simu Ijumaa, nikiwa bado na vumbi la gereji.

"Kikoti nani atamsimamia?" aliuliza.

"Watoto wake wamepanga kila kitu, mama. Kuna ratiba imechapishwa."

"Sijauliza ratiba. Nimeuliza mtani. Yupo Mngoni huko?"

"Hapa si Songea, mama."

"Wewe upo?"

"Mimi siwezi mambo hayo. Siyajui."

"Hujui," alisema mama. "Ulimcheka mbele ya watu mia ukiwa na miaka minane, leo hujui." Akakata.

Ibada ilifanyika Inver Grove Heights, katika ukumbi wenye zulia nene na maua yasiyonuka. Watoto wa Kikoti ni watu wazuri, wamezaliwa hapa, na walifanya kila kitu kwa wakati. Ratiba ilianza saa nne kamili. Wazee wa kikundi walikaa wameshika karatasi zao kama watahiniwa. Mama Shose, mdogo sasa kama kifuko, alikuwa mwisho wa safu. Baba alikaa karibu nami na fimbo yake. Kisha mchungaji akatuomba tusimame, tunyamaze kwa muda kumkumbuka marehemu.

Wakanyamaza. Watanzania mia moja, pengine na zaidi. Hakuna aliyekohoa. Nilimsikia baba akivuta pumzi, nikajua anajua. Moja, mbili. Nikatazama chini: kidole chake kilikuwa kinagonga kichwa cha fimbo. Tatu. Nne. Nne ikapita, na hakuna kilichotokea, na kilikuwa kimya kibaya kuliko vyote nilivyowahi kuvisikia, kwa sababu kilimlaza mtu yule kama mgeni. Saba. Shoka lilikuwa miguuni pangu ndani ya mfuko wa karatasi, mpini umechomoza. Nilikuwa nimejiambia kwamba nalirudisha tu kwa familia. Tisa.

Kumi.

Nilitoka safuni na shoka la boksi, nikaenda hadi jeneza, nikaligonga kwa bapa la foili. "We Mhehe," nilisema. Sauti yangu haikuwa na usahihi wowote. "Mla mbwa mkubwa we! Nani amekuruhusu kulala kabla ya Mngoni? Uliahidi kumzika mama yangu, umemkimbia! Inuka upige goti tena, uombe msamaha upya. Safari ile hatukukusikia vizuri, nilikuwa nacheka!"

Binti yake mkubwa alinitazama kana kwamba nimemwaga kitu. Halafu kutoka mwisho wa safu Mama Shose akapiga kigelegele, kimoja, chembamba, kilichochanika katikati, na mtu akasema, "Mngoni huyo!", na ukumbi wote ukaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, kwa kelele, kwa kukokota viti, jinsi wanavyojua.

Nilirudi mahali pangu nikiwa na foili vidoleni. Baba alikuwa bado anatazama mbele, fimbo imesimama wima kati ya magoti yake.

"Kumi," alisema. "Kamili. Safari hii umengoja."